Karavani Yenye Mtu Ndani

Kwa miaka kumi na tisa Gosse Wiarda alikuwa akilipwa mshahara wa kupima maji. Kila asubuhi alizunguka mifereji na mitaro ya upande wa Bolsward, mji mdogo wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, akachomeka fimbo yake yenye alama, akaandika sentimita, kisha akarudi ofisini kutoa taarifa kwamba maji yapo. Kazi hiyo ilikuwa imempa imani moja ambayo mkewe, Wytske, aliizoea kama mke anavyozoea mume anayekoroma: kwamba hakuna unyevu hapa duniani unaoweza kumdanganya Gosse.

Ndiyo maana walipoamua kununua karavani iliyotumika, kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa nyuma ya gari, haikubishaniwa nani apewe kazi ya kuitafuta. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa Wytske. Kiangazi kilichotangulia walikuwa wamelala hemani siku kumi na mbili kwenye milima ya Ardennes, Ubelgiji, na mvua ikanyesha siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili hema lenyewe lilisalimu amri, likawalalia wote wanne, wazazi na watoto, kama ng'ombe aliyechoka. Wytske alitambaa akatoka, akakamua nywele zake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwakani mimi nalala ndani ya kuta. Wewe na watoto mtajua mnalala wapi."

Walikuwa na euro elfu tatu na mia tano. Kwa fedha hiyo mtu hapati karavani mpya. Anapata yenye umri wa kuoa. Gosse hakujali. Alinunua kifaa cha kupimia unyevu, kidude kidogo chenye meno mawili kama ya nyoka, na majira yote ya baridi akawa anasoma mtandaoni ushauri wa watu waliowahi kulizwa. Mwishoni akawa na daftari lenye maswali sitini na manne ya kumwuliza muuzaji. Aliyapanga kwa rangi. Jioni aliyarudia kimoyomoyo, kama mwanafunzi anayengoja mtihani.

Kufikia Mei alikuwa amekagua karavani kumi na moja, na zote kumi na moja alikuwa amezikataa. Ya kwanza tangazo lake lilisema mwenyewe havuti sigara, na mwenyewe aliwapokea langoni na sigara mdomoni, akaeleza kwamba huwa anavutia nje, dirisha likiwa wazi. Ya nne sakafu yake ilibonyea kama godoro, na muuzaji akasema hizo ni springi. Ya saba ilikuwa nzuri kwelikweli. Wytske alikwisha kukaa kitandani, amevua viatu, anapanga moyoni nani alale wapi, Gosse alipopima pembe moja ya kabati akapata asilimia kumi na nne. Daftari lilisema mwisho ni kumi na tatu. Wakaondoka. Wytske alivaa viatu ndani ya gari.

"Gosse," alimwuliza njiani, "hivi unatafuta karavani au unatafuta mke wa pili?"

"Mke sikumpima unyevu."

"Ndiyo. Na ona ulivyobahatika."

Ya kumi na mbili ilikuwa kijijini Langweer. Tangazo lake lilikuwa fupi kuliko yote: *Karavani ya familia. Vitanda vinne. Ichukueni.* Bei ni euro elfu tatu mia mbili na hamsini.

"Nani anaandika 'ichukueni'?" Gosse alisema, huku akikuza picha kwenye simu mpaka ikawa madoa matupu. "Kuna jambo hapa."

"Anaandika mtu anayetaka ichukuliwe," Wytske alimjibu. Jumamosi asubuhi aliwapeleka watoto kwa bibi yao, akaketi ndani ya gari, akafunga mkanda, akamngoja.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa miaka sabini na moja, mnyoofu kama mlingoti wa bendera, amevaa aproni iliyopigwa pasi. Jina lake Reinskje Tolsma. Yeye na mumewe walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mpaka walipouza mifugo, miaka miwili iliyopita, na sasa nyumba ilikuwa kimya na safi kupita kiasi. Sebuleni palikuwa na makochi mapya, meupe kama maziwa yenyewe, mawili bado yamefunikwa plastiki, na la tatu limetandikwa taulo. Gosse alikuwa anataka kukaa. Mama Reinskje akaitazama suruali yake, akaitazama tena, na Gosse akajikuta ameketi jikoni kwenye kiti cha mbao bila kujua amefikaje.

Walipewa kahawa na mkate wa sukari, kila mtu kipande kimoja, na mkate ukarudishwa kabatini.

"Iko nyuma ya banda," mama yule alisema. "Safi, kavu, haina neno. Kuna mtu ndani, lakini msimjali. Ikiuzwa atatoka."

Gosse alifungua daftari. Swali kama hilo hakuwa nalo. "Mtu gani, mama?"

"Mume wangu."

Wytske alikiweka kikombe chini taratibu. "Nenda kakague," alimwambia mumewe. "Mimi nitakaa na mama hapa."

Karavani ilikuwa imesimama kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, nyeupe, yenye mstari wa kahawia ubavuni. Dirishani palikuwa na ua jekundu ndani ya chungu. Mlangoni palikuwa na makubadhi ya mbao, yamepangwa visigino ukutani. Ndani, Mzee Durk Tolsma alikuwa ameketi mezani anasikiliza redio, mtu mpana mwenye nyusi nene kama brashi za viatu. Juu ya kichwa chake palining'inia picha ya ng'ombe na kalenda iliyokatwa tarehe moja moja tangu Septemba. Vyote hivyo Gosse aliviona, maana alikuwa na macho. Akaviandika hata kimoja? La. Daftari lilikuwa linauliza habari za mpira wa madirisha.

"Umekuja kuiangalia," mzee alisema, akapunguza redio.

"Ndiyo, mzee. Samahani kwa usumbufu."

"Hunisumbui. Nakuhurumia tu." Akanyoosha kidole. "Pale juu ya dirisha panavuja. Ikinyesha naweka sufuria."

Gosse alichomeka meno ya kifaa chake pale juu ya dirisha. Asilimia nane. Chumbani kwake mwenyewe, Bolsward, palikuwa na kumi na moja.

"Kinasema pakavu, mzee."

"Hicho kidude ulinunua wapi?"

"Mtandaoni."

"Ahaa," alisema Mzee Durk.

Ile "ahaa" ilimwingia Gosse mpaka kwenye mifupa. Alikitazama kifaa chake kama mtu aliyeambiwa habari mbaya za rafiki. Majira yote ya baridi alikuwa amekiamini. Akapima tena: nane. Akapima pembeni: saba. Kadiri namba zilivyopungua ndivyo shaka ilivyozidi.

"Sakafu nayo imeoza," mzee aliendelea, kwa upole wa daktari. "Usiruke humu. Aliyekuja Aprili aliruka, tukamtoa kwa ngazi. Breki inashika ikijisikia yenyewe, kama punda. Jokofu linapasha maziwa moto. Na hilo jiko la gesi, mwaka juzi lilininyoa nyusi zote mbili."

Gosse aliandika: *nyusi*. Alipoinua macho nyusi zenyewe zilikuwa zikimtazama, nene, hazina hata kovu, naye akapiga mstari chini ya neno. Karavani kumi na moja alizokagua, wauzaji kumi na mmoja walikuwa wamesifu. Huyu ndiye mtu wa kwanza kusema mabaya ya mali yake. Mtu anayejisemea vibaya atakosaje kuwa mkweli? Alimwona Mzee Durk kuwa ndiye Mfrisia wa mwisho mwaminifu, na moyo ukampenda.

"Lakini mzee," alisema, akiwa ameanza kunyata ili sakafu isije ikamsaliti, "kama pabaya hivi, wewe unakaaje humu?"

"Mimi nimezoea shida."

Alitoka na kasoro kumi na sita, na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu utafutaji uanze. Kasoro moja inamfanya mnunuzi akimbie. Kumi na sita, alijiambia, zinamfanya awe mfalme. Mtandaoni walikuwa wamemfundisha: orodha mkononi, sauti ya chini, kisha unataja nusu ya bei na kunyamaza.

Jikoni aliwakuta wanawake wawili wameinamiana, mkate wa sukari umetolewa tena kabatini, na safari hii upo wote mezani. Mtu mwingine angejiuliza kumetokea nini. Gosse alikohoa.

"Mama, nimekagua. Kwa kweli hali ni mbaya."

Chini ya meza Wytske alimkanyaga mguu. Gosse alidhani ni bahati mbaya, akausogeza.

"Paa linavuja. Sakafu imeoza. Breki..." Alisoma zote, moja baada ya moja, kama karani wa mahakama. Kwa kila moja Wytske alimkanyaga, mara nyingine kisigino, mara nyingine vidole. "...na jokofu, ambalo linapasha maziwa. Kwa hiyo mimi nasema elfu moja mia sita." Akanyamaza, kama alivyofundishwa.

Mama Reinskje hakuitaja bei hata kidogo. Alikuwa amekwama kwenye jambo lingine.

"Nani kasema jokofu linapasha maziwa?"

"Mzee mwenyewe."

"Jokofu lile?" Alisimama. "Kila Ijumaa akienda kununua gazeti naingia mle nalisafisha. Kila Ijumaa, tangu Septemba. Nafuta vioo, napiga deki, nabadilisha shuka, natoka kabla hajarudi. Halafu anawaambia watu nimemweka kwenye uchafu?"

"Hakusema uchafu, mama, alisema..."

"Kaa kimya, Gosse," Wytske alimwambia.

Mama Reinskje alitoka kwa mlango wa nyuma bila hata kuvaa koti. Waliona aproni ikikata uani, ikazunguka banda. Wytske alimvuta mumewe kwa mkono, wakamfuata mpaka ukutani mwa banda, na hapo ndipo, upepo ukiwapiga, alipomweleza kwa kifupi mambo ambayo angeyaona mwenyewe kama asingekuwa na daftari. Septemba mama alinunua yale makochi. Siku yalipofika alimwambia mumewe akalie taulo. Mumewe akasema kwa jioni hiyo atakaa karavanini. Jioni ikawa miezi minane. Anaingia kula, anaingia kuoga, anasema asante, anatoka. Yeye hataomba kurudi, na mkewe hatamwomba arudi. Kwa hiyo mama ameamua kuiuza karavani chini ya miguu yake, na mzee amewafukuza wanunuzi watano kabla yao.

"Kwa hiyo haivuji," Gosse alisema polepole.

"Haivuji, Gosse."

"Na yule wa Aprili, wa ngazi?"

"Hakuna ngazi, Gosse."

Kuta za karavani ni nyembamba. Hilo halikuwemo kwenye yale maswali sitini na manne, na asubuhi ile waliligundua vizuri.

"Miezi minane!" ilikuwa sauti ya mama. "Majirani wananiuliza mumeo kapatwa na nini. Nawaambia anapenda hewa."

"Napenda hewa."

"Unapenda kunidhalilisha."

"Reinskje, miaka arobaini na sita nimekaa kwenye kile kiti cha zamani. Narudi siku moja, kiti hakipo. Natandikiwa taulo kama mbwa aliyeloa."

"Ulikuwa na suruali ya kukamulia."

"Ng'ombe tumeuza."

"Ng'ombe tumeuza, suruali bado unavaa." Sauti ya mama ilishuka. "Mimi makochi nimeyangoja miaka arobaini na sita. Kila mwaka ilikuwa mashine ya kukamua, paa la banda, trekta. Nikasema ng'ombe wakiondoka, nami nitakuwa na kitu kimoja cheupe."

Gosse alitaka kusema kitu. Wytske akamziba mdomo kwa kiganja.

"Hukuniambia hivyo," alisema mzee.

"Hukuuliza. Ulichukua redio ukaondoka."

Kisha likasikika jiko la gesi likiwashwa, na baada ya muda harufu ya kahawa ikatoka dirishani. Wale wawili nje walisimama pale karibu nusu saa. Gosse alihisi baridi, akahisi na kitu kingine ambacho hakukizoea, aibu kidogo, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake akiwa na fimbo ya kupimia mkononi.

"Taulo nitaliondoa," walimsikia mama akisema.

"Na ile plastiki?"

"Plastiki tutaona."

Mlango ulipofunguliwa, Mzee Durk alitoka amekumbatia chungu cha ua, redio kwapani. Mkewe alimfuata na picha ya ng'ombe. Mzee alisimama mbele ya Gosse kama mtu aliyetoka kuungama.

"Haijawahi kuvuja hata tone," alisema. "Sakafu ni imara kuliko ya nyumba yangu. Breki nilizibadilisha mwenyewe. Jokofu linagandisha mpaka siagi inavunja kisu. Ichukue, hutajuta."

Sasa hapo ndipo Gosse alipoingiwa na wasiwasi wa kweli. Alimwamini mzee huyu alipokuwa akiisema vibaya. Sasa anasifu, tena kwa maneno yaleyale ya wale wauzaji kumi na mmoja. Alifungua daftari, akafunga, akafungua.

"Mimi naona," alianza, "pengine tuombe siku mbili tatu, nije na kifaa kingine..."

Wytske hakubishana naye. Aliingiza mkono kwenye koti la mumewe, mfuko wa ndani, akatoa bahasha, akahesabu euro elfu tatu mia mbili na hamsini, akamkabidhi mama Reinskje. Mama alipokea, akampa mkono, na biashara ikaisha. Miezi sita ya utafiti ilikuwa imemalizwa na mtu ambaye hata ndani hajaingia.

"Hujaiona," Gosse alimnong'oneza.

"Nimemwona anayeisafisha."

Mzee Durk alikuwa ameshavaa makubadhi yake na kwenda mbele ya nyumba kulitazama gari lao, gari dogo la kijivu ambalo Gosse alikuwa amelifungia chuma cha kuvutia tangu Januari. Alilizunguka mara moja, akainama, akasimama.

"Hili linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi?"

Gosse alipekua daftari. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yalikuwepo maswali ya karavani, ya muuzaji, ya nyaraka za muuzaji, ya mvua katika eneo la muuzaji. La gari lake mwenyewe halikuwepo. Ikabidi atoe kadi ya gari kwenye droo. Mzee aliisoma ameiweka mbali na macho, kama wazee wasomavyo.

"Mia nane na hamsini," alisema. "Karavani hii tupu ni elfu moja mia moja na ishirini. Na bado hujaweka mkeo."

Gosse alisikia masikio yakimwaka. Alingoja kicheko cha Wytske, kicheko anachokijua, lakini hakikuja. Wytske alikuwa ameketi kwenye ngazi ya karavani, amevua viatu, anawaza. Gari lingine lingekuwa euro elfu kumi ambazo hawakuwa nazo. Kuirudisha karavani kungemfanya Mzee Durk arudi kuishi ndani yake, na baada ya aliyoyasikia, hilo asingelikubali.

"Mzee, ile trekta mliuza?" aliuliza.

"Trekta?" Mzee Durk alisema, kana kwamba ameulizwa kama aliuza watoto.

Hivyo ndivyo familia ya Wiarda ilivyokwenda likizo Julai ile. Mzee Durk aliivuta karavani kwa trekta, mwendo wa kilomita ishirini na tano kwa saa, mama Reinskje ameketi kando yake kwenye kiti cha abiria na kikapu mapajani. Nyuma ya karavani lilifuata gari dogo la kijivu, likivuta baiskeli nne. Nyuma ya gari la kijivu walifuata watu wote waliokuwa na haraka upande ule wa Friesland, na baadhi yao walipiga honi, na mmoja, alipofaulu kupita, alionyesha kidole ambacho watoto walikijadili mpaka mwisho wa safari.

Kwa trekta mtu hafiki Ufaransa. Walifika ziwani, kwenye kambi ndogo ya mkulima, kilomita kumi na saba kutoka nyumbani kwao. Gosse aliona haya siku mbili za kwanza; alikuwa amewaambia wenzake ofisini kwamba wanakwenda "kusini," na kitaalamu hakuwa amesema uongo, kwa kuwa ziwa liko kusini kidogo. Siku ya tatu mvua ilianza. Walicheza karata, wakakaanga chapati maji za kwao zenye vipande vya nyama ya nguruwe, vioo vikafunikwa na mvuke, na Wytske alilala mchana saa mbili nzima, amejinyoosha, ndani ya kuta.

Jumapili akina Tolsma walikuja kuwatembelea. Mama Reinskje alieleza kwamba makochi yanaendelea vizuri: kochi moja ni la mzee, limeshapata doa la kahawa, na juu ya doa hilo yeye ameamua kutosema kitu mpaka Krismasi. Mzee Durk aliingia karavanini kuangalia kama bomba la maji liko sawa, na baadaye walimkuta amelala kwenye kitanda cha watoto, mdomo wazi. Mkewe akamfunika shuka, akarudi nje kumalizia chai.

Jioni hiyo mvua ilipokatika, kijana mmoja wa hema la jirani, aliyeloa mpaka soksi, alikuja kuuliza karavani nzuri hivi inapatikanaje kwa mtu asiye na fedha nyingi. Alimwuliza Wytske, aliyekuwa anamenya viazi, lakini aliyejibu ni Gosse.

"Kaa," alimwambia, akamvutia kiti. "La kwanza kabisa, kijana, ni kumsoma muuzaji. Vifaa ni vifaa tu. Mtu akikusifia bidhaa yake, shaka. Akiiponda, shaka zaidi. Mimi nilipomwona yule mzee tu, nilijua."

Wytske aliinua macho kutoka kwenye viazi. Alimtazama mumewe, kifua mbele, mkono ukipunga hewani, na kijana wa watu akiitikia kwa kichwa kwa heshima huku anatetemeka kwa baridi. Akaingia ndani, akatoka na taulo kavu, akampa kijana ajipanguse, kisha akasogeza bakuli la viazi na kisu cha pili mbele ya Gosse.

"Endelea kumweleza," alisema. "Lakini menya."